Mcheza kwao hutunzwa, labda si chuoni

"Hiki tukiweke safu gani?" aliuliza katibu wa kamati, akiinua kijitabu chenye jalada la kijani ili sote tukione.

Tulikuwa kwenye kikao cha idara cha kupitia mafaili ya wanaoomba kupandishwa vyeo. Faili lililokuwa mezani lilikuwa la mwenzetu mmoja aliyetumia miaka kadhaa na wakulima wa mwani wa pwani ya Tanga, akifuatilia kwa nini mwani unakufa kabla ya kuvunwa ikifika miezi ya joto, na kama kuuhamishia kwenye maji yenye kina kunasaidia. Matokeo yake ameyaandika mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiingereza, katika jarida dogo la kanda yetu. Mara ya pili kwa Kiswahili, katika kijitabu kile, chenye michoro, vipimo na jedwali la miezi, ambacho akina mama wa vijiji vile wamekipitisha mkono kwa mkono hadi kingine kimechakaa.

Mwongozo wetu una safu ya makala, safu ya sura za kitabu, safu ya vitabu, na safu ya mada zilizowasilishwa kwenye makongamano. Kijitabu cha wakulima hakina safu.

"Kipeleke kwenye huduma kwa jamii," mmoja akasema.

Huduma kwa jamii ina alama zake, ndiyo. Ila kila mtu hupewa zilezile, awe amefundisha kijiji kizima au amealikwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule ya jirani.

Faili lililofuata lilikuwa nene. Moja ya makala zake ilitoka kwenye jarida ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Mjumbe mmoja akalitafuta kwenye simu. "Lina impakti fakta," akasema, yaani ile namba ya kuonyesha jarida linanukuliwa kiasi gani. "Tatu nukta kitu." Katibu akaandika, tukasonga mbele.

Makala yenyewe hakuna aliyeifungua.

Sisemi mwenye faili la pili ni tapeli. Sijui kazi yake ina nini ndani, na wajumbe wenzangu hawajui pia, lakini tulimpa pointi. Wiki zimepita na bado nageuka nalo kitandani.

## Kipimo kilichotengenezewa rafu

Wenzangu wengi chuoni wanaiogopa impakti fakta kama matokeo ya kidato cha nne, lakini ukiwauliza ilitoka wapi wanakutazama. Ilitoka maktaba. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza iwepo faharasa ya kuonyesha makala gani imenukuliwa na makala gani. Miaka michache baadaye, akiwa na kampuni yake Philadelphia, yeye na mwenzake Irving Sher walihitaji njia ya kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa hiyo, maana yote yasingeenea. Wakakokotoa wastani: makala za jarida fulani za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ukiwa na makala 100 zilizonukuliwa mara 300, unapata 3.

Basi. Hesabu ya darasa la sita, iliyomsaidia mkutubi mwenye bajeti finyu kujua jarida gani alilipie. Garfield mwenyewe alionya zaidi ya mara moja kwamba si halali kuitumia kumpimia mtu.

Ila tunaitumia hivyohivyo. Ni sawa na kukadiria kipato cha abiria kwa kuangalia basi aliloshukia. Mwaka 2016 kundi la watafiti na wahariri walichambua majarida 11, yakiwemo yale yenye sifa kubwa zaidi, Nature na Science, wakaona kwamba katika hayo mawili takribani robo tatu ya makala zimenukuliwa chini ya wastani wa jarida lenyewe. Makala chache zinazotajwa sana ndizo zinazobeba zote. Kwa hiyo hata mtu aliyeingia Nature, ukimpa namba ya Nature, kuna uwezekano mkubwa umempa namba ya mwingine.

Haya yote yanajulikana. Desemba 2012 wanabiolojia wa seli waliokuwa kwenye mkutano wao San Francisco waliandaa tamko, likatolewa Mei 2013, wanaliita DORA. Pendekezo lake la kwanza linasema kipimo cha jarida kisitumike kuamua nani aajiriwe, nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti. Limesainiwa na watu na taasisi zaidi ya 20,000. Mwaka 2015 ikaja Ilani ya Leiden yenye kanuni 10 za kutumia vipimo vya utafiti. Mwaka 2019 zikaandaliwa Kanuni za Hong Kong, za namna ya kuwatathmini watafiti. Mwaka 2022 Ulaya wakaandika mkataba na kuunda muungano mzima wa taasisi, CoARA, wa kubadili namna ya kutathmini utafiti.

Maazimio hayajawahi kutupungukia.

## Mpemba angepata pointi ngapi?

Watetezi wa mageuzi haya wanapenda kumtaja Peter Higgs, yule mwanafizikia wa Nobeli ya 2013 aliyesema kwamba kwa mfumo wa sasa asingepata kazi chuoni, kwa sababu alichapisha kidogo mno. Mfano mzuri. Lakini mimi ninao wa nyumbani.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, unayaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea, Mpemba akaweka ya kwake ikiwa bado ya moto. Ikaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haipo duniani kwingine, lakini bado akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi: Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka. Osborne akarudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, jina la Mpemba likitangulia, katika jarida la Kiingereza liitwalo Physics Education.

Sasa lete faili hilo kwenye kamati yetu. Jarida ni la walimu wa fizikia. Makala ina kurasa nne hivi, na nusu yake ni kijana anasimulia kisa cha aiskrimu. Waandishi ni wawili, kwa hiyo pointi inagawanywa. Mmoja hana shahada. Na hitimisho halijatulia hata leo: mwaka 2016 watafiti wawili waliandika kwamba wamepima kwa makini na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo, wengine wakawapinga, na ubishi unaendelea.

Huyo Osborne angeambiwa ajaribu tena mwakani.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni namna alivyomsikiliza mtoto wa shule, akahakikisha jambo linapimwa, kisha akaliweka jina la mtoto mbele ya lake. Hakuna kati ya hayo matatu linaloingia kwenye mwongozo wowote wa kupandisha vyeo niliowahi kuuona. Kanuni za Hong Kong zinagusia kitu cha namna hiyo, zinataka watu watambuliwe pia kwa kulea wengine na kwa kupitia kazi za wenzao. Lakini Kanuni za Hong Kong hazisomwi kwenye vikao vyetu.

## Milioni hamsini

Kwa miaka mingi vyuo vya China vililipa watafiti fedha taslimu kwa kila makala iliyoingia kwenye faharasa iliyoanzishwa na Garfield. Watafiti watatu walikusanya sera za vyuo 100 vya huko, wakakuta kwamba mwaka 2016 mwandishi wa makala katika Nature au Science alilipwa wastani wa karibu dola 44,000, na kilele kilifika dola 165,000. Kwa makala moja. Mshahara wa mwaka wa profesa ulikuwa mdogo kuliko huo wastani.

Kilichofuata hakihitaji nabii. Palizuka viwanda vya makala, unanunua nafasi ya jina lako kama unavyonunua kiti. Na Wachina hawako peke yao. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilifutwa duniani kote, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana, na zaidi ya 8,000 kati ya hizo zilikuwa za mchapishaji mmoja tu, Hindawi, aliyekuwa amenunuliwa na kampuni ya Wiley mwaka 2021. Sisi tulizoea kusikia wafanyakazi hewa. Haya ni maarifa hewa.

Februari 2020 wizara mbili za China, ya elimu na ya sayansi, zikasema imetosha. Zikapiga marufuku zawadi za fedha kwa makala, zikaagiza watu wapimwe kwa kazi chache za uwakilishi zinazosomwa, na sehemu ya kazi hizo itoke kwenye majarida ya nchini kwao.

Mwaka 2022, wizara yetu ya elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda ikatangaza tuzo: mtafiti atakayechapisha kwenye majarida yenye hadhi ya juu kabisa duniani atapewa shilingi milioni 50.

Nilipolisikia tangazo lile nilifurahi, na sehemu yangu moja bado inafurahi. Nchi ambayo mwanamuziki anapewa gari na mchezaji anapewa kiwanja, hatimaye mtafiti naye anaitwa jukwaani. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Mhadhiri anayenunua data ya intaneti kwa mshahara wake na kusahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi anastahili kutunzwa, na anayemcheka kwa kuzitamani fedha hizo hajawahi kuishi kwa mshahara ule.

Lakini tazama vizuri anayetunzwa ni nani. Ni aliyekwenda kucheza kwa watu, wakampigia makofi, ndipo na sisi tukampigia. Aliyecheza kwao, mbele ya akina mama wa mwani, hakuna aliyemkaribia na noti.

## "Wewe hukuwepo"

Hapa ndipo nilipofika nikawa nimeshaandika nusu ya makala hii, yenye hasira nzuri, inayotaka pointi zote zitupwe baharini. Kabla ya kuimalizia nikaenda kumsalimia mzee wangu mmoja, profesa mstaafu aliyenifundisha, anayeishi nje kidogo ya mji na kufuga kuku wa kienyeji.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nani amekuudhi?"

Nikamweleza yote, kijitabu, simu, tatu nukta kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akamfukuza jogoo mmoja barazani, akasema: "Mwanangu, wewe hukuwepo."

Akanisimulia vikao vya ujana wake. Hakukuwa na pointi. Mkuu wa idara alisema neno moja, "huyu bado hajakomaa," na mtu akakaa palepale miaka. Hajakomaa maana yake nini? Hakuna aliyeuliza. Inaweza kuwa ulimpinga mkubwa kwenye semina. Inaweza kuwa ni mwanamke na una mtoto mchanga. Inaweza kuwa hukutokea kwenye msiba. Wapo waliokomaa mapema sana, akasema akicheka, na unajua walikuwa watoto wa nani.

"Pointi zilikuja kutuokoa," akaniambia. "Mtoto wa mkulima akiwa na makala sita, ana makala sita. Hata wakimchukia, watazihesabu."

Nilirudi nyumbani kimya.

Nikaanza kuisoma upya miongozo niliyokuwa naitukana. Wenzetu wa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa wa kwao mwaka 2014, vyuo vyote vipimwe kwa rula moja, na ndani yake machapisho yana pointi. Nilikuwa nimezoea kuona kwenye maandishi ya namna ile ugumu wa watu wa ofisini. Sasa naona na kitu kingine, woga wa mtu anayejua kwamba akiacha mwanya, mjomba wa fulani atapita.

Anayetaka pointi ziondoke lazima aseme nini kitamlinda mtoto wa mkulima siku itakayofuata.

## Waholanzi nao wamevutana

Nilidhani wasiwasi ule wa mzee ni wetu peke yetu. Sivyo.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kwamba kitaachana na impakti fakta katika kuajiri na kupandisha watu vyeo. Julai mwaka huohuo wanasayansi 171 wa nchi ile wakaandika barua ya wazi kupinga mwelekeo mzima. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ukiondoa vipimo vinavyohesabika, tathmini itategemea maneno na mitazamo, itakuwa ya kisiasa zaidi na ya haki kidogo. Wengine wakawajibu, hasa vijana, wakisema namba zenyewe zimejaa upendeleo, ni vile tu umekwishapigwa rangi ya hisabati.

Niliisoma barua ile nikamwona mzee wangu na kuku wake. Tofauti ni kwamba Waholanzi wanaogopa maneno katika nchi ambayo ukionewa unaweza kukata rufaa na ikasikilizwa.

Waingereza nao walichagua njia ya kusimulia. Katika tathmini yao ya kitaifa ya 2014, vyuo viliandika visa 6,975 vya kueleza utafiti umemfaa nani nje ya chuo. Kijitabu cha mwani kingepata kiti cha mbele hapo. Ila zoezi zima la mwaka ule liligharimu paundi milioni 246 kwa makadirio yaliyofanywa baadaye, na vyuo vyenye uwezo viliajiri watu maalumu wa kuvipamba visa. Sisi idara yetu mwaka jana ilikosa wino wa printa wakati wa mitihani.

Kilichonivutia zaidi kiko Amerika ya Kusini. Mwaka 1998 Wabrazili walizindua SciELO, mtandao wa majarida yao, kwa Kireno, Kihispania na Kiingereza, yanayosomwa bure. Walijenga wenyewe mahali pa kusomana na kunukuliana, wakaacha kusubiri mlangoni pa Philadelphia. Mwaka uleule 1998 ndipo ilipoanza AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika, ambao makao yake yako Afrika Kusini na una mamia ya majarida, mengi yakiwemo ya kwetu. Umri mmoja. Lakini ukitaja AJOL kwenye kikao cha kupandisha vyeo, kuna mtu atauliza, "hilo limo kwenye Scopus?" akimaanisha faharasa nyingine kubwa ya kimataifa.

## Nani atasoma?

Lugha peke yake si kikwazo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina majarida yake, Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na watu wamepanda hadi uprofesa kwa makala za Kiswahili zilizopitiwa na kukosolewa na wenzao. Hakuna anayewaambia ni huduma kwa jamii. Kwa hiyo jambo linawezekana, tena humuhumu nchini, kwa kanuni zilezile. Linakwama pale mtu wa bahari, wa udongo au wa dawa anapoandika kwa Kiswahili. Hapo ghafla anaonekana kama ameacha sayansi na kwenda kuhubiri.

Kanuni ya tatu ya Ilani ya Leiden inataka ulindwe ubora wa utafiti unaohusu mahali husika. Mwaka huohuo wa Kanuni za Hong Kong, 2019, Wafini nao walitoa mwito wa Helsinki kutaka kazi za kitaaluma zithaminiwe kwa lugha zote. Maandishi mazuri. Yangekuwa na nguvu zaidi kwetu kama yangekuwa yametafsiriwa na kubandikwa pale kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya usafi.

Nilimpigia simu mwenye kijitabu. Nilidhani nitamkuta amevunjika moyo.

"Kaka, mimi nishaamua," akaniambia. "Naandika makala mbili za Kiingereza, nipate cheo changu, halafu narudi kwa akina mama."

"Itachukua muda gani?"

"Wapitiaji wakiwa na huruma, miaka miwili."

"Na mwani?"

"Mwani utaendelea kufa."

Alisema bila uchungu wowote, na mimi ndiye niliyeumia. Hasara ya mfumo huu tumezoea kuitafuta kwenye matapeli na majarida hewa. Kumbe kubwa zaidi iko kwa watu waaminifu, wanaojua kabisa kazi ipi ina maana, na wanaiweka pembeni kwa miaka miwili ili wahesabiwe.

Nimemrudia mzee kichwani mara nyingi. Akiulizwa, nadhani angekubali kwamba kilichomwokoa ni kule kulazimika kwa wakubwa kuonyesha sababu mbele ya wengine. Pointi ilikuwa njia ya bei nafuu ya kuwalazimisha. Kama ipo njia nyingine ya kumlazimisha mkubwa aandike sababu yake, aisaini, na mwenye faili aione na kuijibu, basi mtoto wa mkulima hapotezi kitu.

Kwa hiyo nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja. Pointi zibaki. Lakini kila mwombaji achague kazi zake tatu anazoziona bora, za aina yoyote na kwa lugha yoyote, kijitabu, ramani, programu ya kompyuta, makala. Kila moja isomwe na watu wawili wa nje ya idara, na kila msomaji aandike ukurasa mmoja: hapa kuna jambo gani jipya, limethibitishwaje, limemfaa nani. Aweke jina na saini. Nakala iende kwa mwombaji, naye awe na haki ya kujibu kabla ya kikao. Jina la jarida lifunikwe. Najua kwa ngazi za juu kazi hupelekwa kwa wasomaji wa nje tayari, na baadhi yao husoma kweli. Nataka ishuke hadi kwa mhadhiri wa kawaida, na majibu yasiwe siri.

Mwenyekiti wa kamati, mtu muungwana, alilisoma mbele yangu. Akaniuliza maswali mawili.

La kwanza: nani atalipa posho ya wasomaji? Nikamwambia tuanze na kubadilishana, sisi tuwasomee chuo kingine na wao watusomee. Akatikisa kichwa kama mtu anayesema labda.

La pili ni gumu zaidi. Wataalamu wa mwani wanaoweza kusoma kazi kwa Kiswahili na kuikosoa kwa Kiswahili ni wachache nchini, na wote wanafahamiana. "Utakuwa umetutoa kwa mjomba," akasema, "umetupeleka kwa rafiki." Nilimjibu kwamba kwenye Kiingereza nako wanafahamiana, ila wanakutana uwanja wa ndege. Alicheka, lakini hakuwa amejibiwa, na mimi nilijua. Nimefikiria msomaji mmoja atoke Zanzibar na mwingine Mombasa. Nimefikiria hata mmoja awe mkulima mwenyewe, mama aliyelima kwa miaka 20, aulizwe yale ya jedwali la miezi ni kweli au si kweli. Sijui kanuni za chuo zitamwita nani huyo mama kwenye fomu.

Pendekezo limeingizwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, namba ya mwisho, chini ya Mengineyo. Nimeomba lipandishwe angalau juu ya taarifa ya fedha, maana kwa uzoefu wangu tukifika Mengineyo akidi inakuwa imeshavunjika.